Mifupa Midogo ya Kale na Habari Inazotupatia juu ya Nchi Yetu



Tarehe 17 Julai 1959, katika Korongo la Olduvai, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichomoza kwenye mteremko uliomomonyolewa na mvua. Fuvu hilo, lililopewa jina la Zinjanthropus, limo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, na ni wachache miongoni mwetu waliomaliza shule bila kusikia habari zake. Jambo ambalo husimuliwa kwa nadra darasani ni kwamba udongo uliolizunguka fuvu hilo ulichekechwa kwa uangalifu, na ndani yake yalipatikana maelfu ya vipande vya mifupa ya viumbe wadogo kabisa: panya, virukanjia, mijusi, vyura na ndege. Fuvu lilipata umaarufu. Mifupa ya panya iliwekwa katika vijisanduku, ikawasubiri watu wenye subira.

Katika makala hii tunapenda kuwatazama hao wadogo. Maswali juu ya visukuku hayakosekani katika mikutano ya vijana wa parokia zetu, na mara nyingi huulizwa kana kwamba sayansi hiyo yote inahusu dinosaria na fuvu la mtu wa kale tu. Sisi tunaona kwamba anayetaka kujua nchi yetu ilivyokuwa zamani, misitu yake, maziwa yake na ukame wake, hana budi kuanza na panya.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa ndani ya mwamba au udongo mkongwe. Mfupa ukizikwa upesi kwa matope, mchanga au majivu ya volkano, maji yapitayo ardhini huacha madini katika vitundu vyake, na baada ya muda mrefu huwa mzito na mgumu kama jiwe. Bahati hiyo huwapata viumbe wachache sana. Wengi huliwa, huoza na kutawanyika. Lakini viumbe wadogo wanazaliana kwa wingi, na kwa sababu ya wingi huo, hata kama ni mmoja tu katika elfu anayehifadhiwa, bado hubaki wa kutosha kuhesabiwa na kulinganishwa.

Kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Tembo hutembea masafa marefu. Leo yuko katika nyasi, kesho kutwa yuko msituni, na mifupa yake ikiokotwa mahali fulani haituambii mengi juu ya mahali hapo. Panya huzaliwa, huzaa na kufa katika eneo ambalo mtu angelizunguka kwa dakika chache. Aina moja hukaa penye nyasi ndefu na unyevu, nyingine penye miamba mikavu, nyingine chini ya miti iliyosongamana, na hali ikibadilika hutoweka hapo na nafasi yao huchukuliwa na wengine. Chura naye hawezi kuishi mbali na unyevu. Kwa hiyo orodha ya viumbe wadogo waliopatikana katika tabaka moja la udongo ni kama taarifa ya mahali hapo hasa, kwa majira hayo hasa.

Kazi ya bundi

Hapa linazuka swali ambalo watafiti walichelewa kulipa uzito wake: mifupa yote hiyo ya panya ilifikaje mahali pamoja? Panya hawaendi kufa katika makaburi ya pamoja. Jibu, kwa sehemu kubwa, ni bundi.

Katika jamii zetu nyingi bundi ana sifa mbaya. Akilia juu ya paa, watu husema msiba uko njiani, na wako wanaomrushia mawe mpaka afe, ingawa wamebatizwa na wanajua kwamba kuogopa ndege kama mjumbe wa mauti ni ushirikina. Ndege huyo mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, ambaye hupenda kujificha katika maghala, magofu na hata minara ya makanisa, hula panya usiku kucha. Humeza mawindo yake mazima au kwa vipande vikubwa. Tumbo lake haliwezi kuyeyusha manyoya na mifupa, hivyo baada ya saa kadhaa hutapika tonge dogo lililoviringwa, lenye manyoya nje na mifupa ndani. Matonge hayo hudondoka chini ya kituo chake, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Kituo kikiwa pangoni au kandokando ya ziwa ambako matope hujaa, manyoya huoza na mifupa huzikwa.

Peter Andrews wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London alitumia miaka mingi kuchunguza matonge ya ndege walao nyama na vinyesi vya wanyama walao nyama wa siku hizi, na mwaka 1990 alitoa kitabu juu ya bundi, mapango na visukuku ambacho hadi leo ni msingi wa kazi hii. Alionyesha kwamba kila mwindaji huacha alama yake. Asidi ya tumbo la bundi mwenye uso mweupe ni hafifu, hivyo mifupa hutoka karibu ikiwa mizima. Bundi wakubwa huiharibu zaidi kidogo, na mwewe wa mchana zaidi ya hapo. Kanu na mbweha hutafuna kwanza, kisha tumbo lao hula kingo za meno ya panya mpaka zinakuwa za mviringo, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Mtafiti akiweka jino la panya la miaka milioni moja na nusu chini ya hadubini, huweza kuona ni aina gani ya mwindaji aliyemla panya huyo.

Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni udadisi usio na faida. Lakini bila kumjua mwindaji, orodha ya panya hudanganya. Bundi mwenye uso mweupe huwinda penye nyasi na mashamba. Akiwa ndiye aliyekusanya mifupa, panya wa msituni watakuwa wachache hata kama msitu ulikuwa jirani. Mtu asiyelijua jambo hilo atatangaza kwamba nchi ilikuwa mbuga tupu, kumbe alichokipima ni mapendeleo ya ndege mmoja.

Kosa la namna hiyo lilikuwa rahisi kutokea Olduvai. Tabaka la chini kabisa la korongo, ambamo fuvu la Zinjanthropus lilitoka, lina majivu ya volkano ambayo mwaka 1961 yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, na kupatiwa umri wa takriban miaka milioni 1.75. Ilikuwa mara mojawapo ya kwanza kwa njia hiyo kutumika mahali penye mabaki ya mtu wa kale, na ilishtua watu wengi, kwa sababu hawakutegemea umri mkubwa kiasi hicho. Panya wa tabaka hilo walichunguzwa katika miaka ya 1970, na ilionekana kwamba kadiri mtu anavyopanda kutoka chini kwenda juu, panya wanaopenda unyevu wanapungua na wale wa nchi kavu wanaongezeka. Mwaka 1998 kundi la watafiti likiongozwa na Yolanda Fernández-Jalvo lilirudia kazi hiyo, safari hii likianza kwa kuuliza ni mwindaji gani aliyekusanya mifupa ya kila ngazi. Walikuta kwamba wawindaji hawakuwa walewale katika ngazi zote. Walipokwisha kuliondoa athari hilo, picha iliyobaki ilikuwa hii: sehemu ya katikati ya tabaka hilo iliwekwa wakati wa msitu wa miti mingi, wenye utajiri wa viumbe kuliko mbuga yoyote ya Afrika ya leo, baadaye miti ikapungua, na mwishoni nchi ikawa wazi zaidi, yenye majira ya ukame.

Aliyewahi kusimama Olduvai wakati wa kiangazi, akaona vumbi, miiba na ile mikonge ya porini iliyolipa korongo jina lake, ataelewa kwa nini habari hii inashangaza. Mahali pale palikuwa na ziwa na miti, na anayetuambia hivyo ni panya aliyetapikwa na bundi.

Ndoo, maji na wavu

Namna ya kuwapata viumbe hawa si ya kifahari. Mfupa wa dinosaria huonekana kwa macho kutoka mbali. Jino la panya lina ukubwa wa punje ya mtama, au pungufu. Watafiti hutembea kwanza wakiwa wameinama, hata kupiga magoti, wakitafuta mahali ambapo mmomonyoko umeleta juu vipande vidogo vyeusi au vya kahawia. Mahali pakionyesha dalili, udongo hujazwa katika magunia, kila gunia likiandikwa tabaka lilikotoka, kwa maana gunia lisilo na alama hiyo halina thamani yoyote.

Kisha udongo hukaushwa juani, huloweshwa ndani ya maji mpaka ulegee, na kumwagwa katika chekeche zenye matundu madogo, mara nyingi chini ya milimita moja. Kazi hufanywa mtoni au ziwani, kwa kutikisa chekeche polepole ili matope yaondoke na mifupa isivunjike. Penye mwamba wa chokaa hutumika asidi nyepesi ya jamii ya siki, ambayo huyeyusha chokaa na kuuacha mfupa. Kinachobaki hukaushwa tena, hutandazwa kwenye sahani, na mtu hukaa mbele ya hadubini na brashi laini yenye unyevu, akiokota punje moja baada ya nyingine. Kina mama wanaochagua mchele kwa ajili ya karamu ya parokia wataitambua kazi hii mara moja, isipokuwa kwamba hapa mawe hutupwa na uchafu mdogo mweusi ndio unaotunzwa. Gunia zima laweza kutoa meno machache tu.

Meno ndiyo yanayothaminiwa zaidi. Enameli, yaani gamba jeupe la nje ya jino, ni madini kwa zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake, na hakuna kitu kigumu kuliko hiyo katika mwili wa mnyama. Mifupa ikisagika, meno hubaki. Tena umbo la jino husema juu ya chakula: kirukanjia, mla wadudu, ana meno yenye ncha kali za kutoboa magamba, panya anayekula nyasi ana magego yenye mikunjo na kingo za kusaga. Mtaalamu aliyezoea huweza kutaja jamii ya mnyama kwa gego moja. Lakini hawezi kufanya hivyo asipokuwa na panya wa leo wa kulinganisha naye, na kwa hiyo elimu ya visukuku huitegemea elimu ya viumbe walio hai. Kwa upande huo Tanzania si maskini: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinajulikana kimataifa kwa utafiti wa panya, ulioanza kwa kilio cha wakulima juu ya mahindi yao.

Habari ya meno inatuleta kwa mtu ambaye Kanisa linamheshimu altareni. Mwenyeheri Niels Stensen alizaliwa Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1638, katika familia ya Kilutheri. Alikuwa daktari na mpasuaji hodari. Mwezi Oktoba 1666 wavuvi walikamata papa mkubwa karibu na Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa Firenze ili Stensen akichunguze. Alipoyatazama meno ya papa yule, aliona kwamba yanafanana kabisa na mawe ya pembetatu yaliyokuwa yakiokotwa katika miamba ya nchi kavu, hasa Malta. Watu waliyaita mawe hayo ndimi. Huko Malta waliyahusisha na Mtume Paulo, ambaye Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba aliumwa na nyoka kisiwani humo asidhurike. Walisema ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe. Wengine walisema yalianguka kutoka mbinguni, au yaliota yenyewe ndani ya mwamba.

Stensen hakuwa wa kwanza kusema kwamba ni meno ya papa, lakini aliifuata hoja mpaka mwisho wake. Kama ni meno ya papa, basi mwamba ule ulikuwa zamani matope laini ya bahari. Na kama matope hutua tabaka juu ya tabaka, basi tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Mwaka 1669 alichapisha kanuni hizo, na kila mtafiti anayeandika alama kwenye gunia la udongo leo hii anazitii. Alikuwa ameingia Kanisa Katoliki mwaka 1667. Akapewa daraja la upadre mwaka 1675, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1677, akafa maskini huko Schwerin, Ujerumani, mwaka 1686. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988.

Tunamtaja kwa sababu bado wako wazazi wanaohofu kwamba mtoto anayesoma habari za miaka milioni mia moja atapoteza imani. Kanisa halijaweka fundisho juu ya umri wa miamba. Papa Pio XII, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliacha nafasi kwa watafiti kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Na Yohane Paulo II, akiiandikia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi mwezi Oktoba 1996, alikiri kwamba nadharia ya mabadiliko ya viumbe imepata uzito kuliko dhana ya kawaida. Mtoto na asome bila woga.

Majina ya Kiswahili kutoka Rukwa

Turudi nyumbani, safari hii kusini magharibi mwa Tanzania, katika Bonde la Ufa la Rukwa, kwenye nchi ya Mbeya na Songwe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Kitanzania, wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Australia, wamekuwa wakichimba huko katika matabaka ya nyakati mbili tofauti. Ya kwanza ni ya zama za dinosaria. Ya pili, yaliyo kandokando ya mto Nsungwe, yana umri wa takriban miaka milioni 25, wakati ambapo mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa ulikuwa ndio unaanza kufunguka. Ulimwenguni pote Afrika ya wakati huo haina mashahidi wengi, hasa kusini mwa ikweta, na ndiyo maana vipande vidogo vya Nsungwe vina thamani kubwa.

Mwaka 2013 Nancy Stevens na wenzake walitangaza katika jarida la Nature viumbe wawili kutoka huko. Mmoja ni Rukwapithecus, wa jamii ya sokwe, anayejulikana kwa taya la chini upande wa kulia lenye meno. Wa pili ni Nsungwepithecus, wa jamii ya nyani na kima, anayejulikana kwa kipande cha taya chenye gego moja. Umri wao ulipimwa kwa majivu ya volkano yaliyo katika matabaka yaleyale: miaka milioni 25.2. Wataalamu wa chembe za urithi walikuwa wamekwisha kukadiria, kwa kulinganisha wanyama walio hai, kwamba njia za nyani na sokwe zilitengana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita, lakini visukuku vya kulithibitisha jambo hilo havikuwapo. Gego moja na taya moja kutoka Rukwa vikawa ushahidi wa zamani kuliko wote uliokuwa umepatikana kwa jamii zote mbili.

Lakini nyani na sokwe hawakuishi peke yao, na sisi tunavutiwa zaidi na majirani zao. Alikuwapo pimbi ambaye watafiti walimwita Rukwalorax jinokitana. Msomaji wa Kiswahili haitaji mkalimani, maana pimbi wana meno ya mbele yenye mianya kama ya kitana. Alikuwapo Kahawamys mbeyaensis, wa ukoo wa karibu na ndezi, aliyebeba kahawa ya Mbeya katika jina lake. Alikuwapo nyoka Rukwanyoka, anayejulikana kwa pingili za uti wa mgongo. Walikuwapo sange, samaki na vyura, miongoni mwao chura wa zamani kuliko wote wanaojulikana wa jamii ya vyura warukaji wanaoonekana hata leo katika madimbwi yetu wakati wa masika. Miongoni mwa nyoka wa Nsungwe, wengi ni wa kundi lile la nyoka wepesi wanaowinda kwa kusaka, ambalo ndilo lenye nyoka wengi wa Afrika ya leo, wakati sehemu nyingine za zama hizo bado zilitawaliwa na jamaa za chatu. Hakuna mfupa wa mnyama mkubwa ambao ungetuambia hilo.

Matabaka ya chini zaidi, ya zama za dinosaria, yametoa mnyama ambaye tunadhani angestahili kuwamo katika kila kitabu cha shule. Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010, aliishi takriban miaka milioni 105 iliyopita. Alikuwa jamaa wa mamba mwenye ukubwa wa paka wa nyumbani, na jina lake limeunganisha neno letu la paka na neno la Kigiriki la mamba. Sehemu ya pili ya jina humheshimu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fuvu lake lilikutwa limefumba mdomo, hivyo meno yake hayakuweza kuonekana bila kulivunja. Walilipitisha katika mashine ya CT, kama zile za hospitali za rufaa. Picha zilionyesha meno ya mbele ya kushika na magego ya kutafunia, yanayokutana juu na chini kama ya mnyama anyonyeshaye. Mamba tunayemjua ana meno yanayofanana tangu mbele hadi nyuma, tena hatafuni. Katika bara la kusini la wakati ule, wanyama wanyonyeshao walikuwa wachache na wadogo. Mmoja wao, Galulatherium, anajulikana kwa taya dogo tu kutoka matabaka hayohayo ya Rukwa. Inaelekea kwamba kazi ambayo kaskazini ilifanywa na wanyama wanyonyeshao, huku kwetu sehemu yake ilifanywa na mamba huyu mdogo.

Vumbi la Tendaguru

Kuna historia moja ya nchi yetu inayoonyesha jinsi vitu hivi vinavyoweza kupotea au kuokolewa. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Kijerumani, mamia ya wafanyakazi wa Kusini walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Msimamizi wao hodari aliitwa Boheti bin Amrani, na jina lake linastahili kutajwa pamoja na yale ya Werner Janensch na Edwin Hennig waliouongoza msafara. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zikapelekwa Berlin. Dinosaria mrefu aliyesimamishwa katika makumbusho ya huko ametoka kwetu, na mjadala juu ya haki ya mifupa hiyo unaendelea.

Msafara ule ulikwenda kutafuta vikubwa. Lakini mifupa ilisafiri pamoja na udongo ulioganda juu yake, na sehemu ya udongo huo haikutupwa. Mwishoni mwa karne ya ishirini Wolf-Dieter Heinrich, mtafiti wa Berlin, aliuchekecha, na ndani yake akapata meno na vipande vya taya vya wanyama wanyonyeshao wa zama za dinosaria, wadogo kama kirukanjia. Wawili kati yao aliwatangaza mwaka 1998 na 1999. Walikuwa wamekaa ndani ya udongo huo kwa karibu miaka tisini baada ya kuondoka Lindi, wala hakuna aliyejua kwamba wamo.

Udongo wa Tendaguru uliokolewa kwa kuwa ulishikamana na mfupa mkubwa. Ulio kwenye makorongo yetu hauna mlinzi wa namna hiyo. Mvua kubwa moja hufichua meno ya kale, na mvua inayofuata huyasukumia mtoni, ambako hayatatambulika tena yametoka tabaka gani. Wachimba kokoto na wafyatua matofali hupita juu yake bila kujua. Wako pia wanaookota mifupa ya mawe kwa nia njema na kuipanga dirishani nyumbani, na hapo huwa imepoteza zaidi ya nusu ya habari yake, kwa sababu mfupa usiojulikana ulikolala hauwezi kupimwa umri kwa majivu ya volkano yaliyokuwa jirani yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya namna hii, na humtaka anayevigundua atoe taarifa. Kwa hiyo mwamini anayelima au kuchunga karibu na makorongo, akiona kitu kinachofanana na mfupa lakini kina uzito na ubaridi wa jiwe, au vijino vyeusi vilivyotawanyika juu ya udongo mwekundu, tunamshauri asikibandue wala asikisafishe kwa maji. Akipige picha kikiwa palepale, akiweka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, kisha apige picha nyingine kutoka mbali inayoonyesha mti au kilima cha kutambulisha mahali. Taarifa ipelekwe ofisi ya kijiji au ya kata, na kupitia kwao ifike kwa wataalamu wa mambo ya kale au Makumbusho ya Taifa. Na kama mawingu ya masika yameanza kukusanyika, asingoje mkutano ujao wa kijiji.